Dhahabu ya Bibi Imeingia Weusi: Namna ya Kuisafisha Bila Kuiumiza

Ukifungua kijaluba alichoacha bibi ukakuta bangili zimekuwa za kahawia, mkufu umefanya weusi kwenye viungo na hereni zimepauka, jizuie mambo mawili. Usiseme bibi aliuziwa feki, na usichukue dawa ya meno ukaanza kusugua. La pili nalisisitiza zaidi. Dhahabu iliyodhaniwa feki itapelekwa kwa sonara ikathibitishwa, lakini nakshi iliyokwisha kusuguliwa ikafutika hairudi tena, na sonara aliyeichonga huenda hayupo duniani.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya vitu vya zamani: bangili za arusi za Unguja na Mombasa, mikufu iliyoletwa kutoka Maskati au Dubai, pauni za Kiingereza, zile sarafu za dhahabu, zilizotiwa kipete cha kuning'inizia zikawa vidani, pete na bruchi (pini za kupambia nguo) za Uingereza zilizobaki mikononi mwa familia tangu enzi za ukoloni. Kitu kipya cha dukani kinavumilia mengi. Cha zamani kimeshapungua unene, kimeshaungwa mara kadhaa, na mara nyingi hujui kimepitia mikono ya nani.

Weusi unatoka wapi

Dhahabu safi haishiki kutu. Hewa, maji ya bahari, jasho, hata salfa iliyomo hewani, vyote haviigeuzi rangi. Shida ni kwamba dhahabu safi ni laini mno, kwa hiyo sonara huichanganya na shaba na fedha ili ipate nguvu. Karati huhesabiwa kwa sehemu 24. Karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu na mbili za madini mengine, nayo hugongwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 za dhahabu katika kila elfu. Karati 21, ambayo imezoeleka sana Ghuba, ni 875. Karati 18 ni 750, karati 14 ni 585, na karati 9 ni 375, yaani zaidi ya nusu yake si dhahabu.

Hizo shaba na fedha ndizo zinazoingia weusi. Fedha ikikutana na salfa hufanya utando mweusi, na shaba hufanya utando wa hudhurungi unaokwenda kwenye weusi. Salfa hiyo iko karibu nasi kila siku: kwenye mayai, mpira, nguo za sufu, moshi wa magari na wa jenereta. Jasho lina chumvi inayoharakisha kazi hiyo, na hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi nayo inasaidia. Ndiyo maana pete ya karati 9 iliyokaa miaka kabatini Tanga huonekana imechakaa kuliko mwenzake wa karati 22 aliyekaa naye boksi moja.

Rangi nayo inakueleza mengi. Dhahabu yenye wekundu ina shaba nyingi, na weusi wake huanza kama madoa ya kahawia. Ile iliyopauka ikaelekea ukijani ina fedha nyingi. Dhahabu nyeupe ikianza kuwa ya manjano haijaingia weusi hata kidogo: huwa imepakwa juu rodiamu, madini meupe yanayong'aa, na upako huo umelika. Hiyo hakuna sabuni itakayoirudisha, inataka kupakwa upya.

Sasa, karati 22 ikiwa nyeusi? Hapo mara nyingi unachokiona ni uchafu. Mafuta ya nazi ya nywele, poda, mabaki ya sabuni, manukato ya mafuta na moshi wa udi hujikusanya kwenye nakshi, vikashikamana na vumbi vikawa tabaka moja gumu. Dhahabu zetu huvaliwa kwenye arusi, zikafukizwa pamoja na mvaaji, zikalowa jasho la ngoma, kisha zikarudishwa kwenye kijaluba usiku uleule bila kupanguswa. Mwaka mzima zinakaa na uchafu huo.

Kuna na weusi mwingine wa kwenye karati 22 ambao huwatisha watu: vijistari vyeusi kwenye kila kiungo cha mkufu. Sonara anapounga pingili hutumia lehemu inayoyeyuka kabla ya dhahabu yenyewe, na ili iyeyuke mapema lehemu hiyo kwa kawaida huwa ya karati za chini. Basi mkufu unang'aa kote isipokuwa kwenye maungio. Hiyo ni dalili ya kazi ya mkono, wala si dalili ya wizi.

Na shingo au kidole kikibaki na alama nyeusi, usihukumu haraka. Poda za uso huwa na chembe ngumu, kama zinki oksaidi, zinazokwaruza dhahabu na kuacha unga mweusi juu ya ngozi. Dhahabu halali kabisa inaweza kufanya hivyo.

Hatua ya kwanza: jua una nini mkononi

Usitie kitu chochote majini kabla ya hatua hii. Keti mahali penye mwanga wa dirisha, tandika kitambaa cheupe mezani, tafuta lenzi ya kukuzia. Angalia ndani ya pete, kwenye kifungio cha mkufu, kwenye shina la hereni.

Ukiona 916, 875, 750, 585 au 375, hizo ni namba za usafi wa dhahabu. Kwenye vitu vya Uingereza utaona pia alama ndogo ya mji ulikopimwa: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham. Ukikuta 15 pamoja na .625, shika vizuri hicho kitu. Karati 15 na karati 12 ziliruhusiwa Uingereza mwaka 1854 na zikafutwa mwaka 1932, karati 14 ikachukua nafasi yao. Kwa hiyo muhuri huo peke yake unakwambia kitu kina umri wa zaidi ya miaka 90.

Herufi za GP, RGP, HGE au GF zina maana nyingine: dhahabu iko juu tu. GF ya Kimarekani, mara nyingi ikiandikwa 1/20 12K GF, ina tabaka nene kiasi, moja ya ishirini ya uzito wote. GP na HGE ni ya kuchovya, nyembamba sana. Namba 925 kwenye kitu cha rangi ya dhahabu ni fedha iliyopakwa dhahabu. Vyote hivi usivisugue hata kwa kitambaa cha kung'arishia. Tazama sehemu zinazogusana, kama kingo za bangili na mgongo wa pete: ukiona rangi nyingine imejitokeza chini, umepata jibu hata kama hakuna muhuri.

Kukosekana kwa muhuri kusikutie wasiwasi sana. Mafundi wetu wa pwani walifua vitu vingi kwa dhahabu aliyoileta mteja mwenyewe, na vitu hivyo havikugongwa chochote. Sumaku nayo haitoshi. Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba na fedha pia hazivutwi. Isitoshe, springi ndogo iliyo ndani ya kifungio inaweza kuwa ya chuma hata kwenye mkufu halali.

Njia ya nyumbani ninayoiamini ni ya kupima uzito ndani ya maji. Inafaa kwa kitu kigumu kisicho na uwazi ndani na kisicho na kito, na ni bora kikizidi gramu tano. Unahitaji mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01.

Pima kitu kikavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba, kizamishe chote majini kikiwa kimening'inia, kisiguse chini wala ukingoni. Pangusa viputo vya hewa. Namba inayosomeka sasa ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Bangili ya gramu 21.36 ikisoma 1.20 majini, jibu ni 17.8, na hiyo ni karati 22.

Karati 22 huangukia kati ya 17.5 na 18. Karati 21 ni karibu 17. Karati 18 ni kati ya 15 na 16, karati 14 ni kati ya 13 na 14 na kidogo, karati 9 ni kuanzia 11 hadi 12 na nusu. Fedha ni 10.5, shaba tupu karibu 9, shaba ya manjano 8 na nusu. Ukipata 8.5, hapo sasa ndipo useme bangili si dhahabu. Ukipata namba ya ajabu kwenye bangili nene, kumbuka bangili nyingi za zamani zina uwazi ndani, na hewa iliyomo huharibu hesabu. Hiyo ipeleke kwa sonara mwenye jiwe la kupimia: atakwaruza kidogo sana juu ya jiwe jeusi, atatia tone la tindikali kwenye mstari ule na kusoma rangi.

Hatua ya pili: kagua majeraha

Tikisa kitu karibu na sikio. Kito kinachogonga kimelegea, na mswaki utakitoa. Vuta taratibu pingili za mkufu uone zilizolika. Kagua vikucha vinavyoshika vito. Tazama pia kama kuna bonge la kijivu kwenye kiungo: huenda kitu kilitengenezwa na fundi wa redio kwa risasi ya kulehemu. Bonge hilo usilichokore, lakini likumbuke, maana lina habari yake mbele huko.

Vito ndivyo vinavyoamua kama kitu kitaingia majini.

Lulu usizizamishe. Maji huingia kwenye uzi na kwenye tundu, na tindikali yoyote, hata ya ndimu, inakula ngozi yake. Zipanguse kwa kitambaa cha melimeli kilicholowa kidogo tu, zilaze bapa zikauke usiku mzima. Marijani ni chokaa kama lulu, kwa hiyo sharti ni hilohilo. Feruzi ina vinyweleo na hunywa mafuta na sabuni ikabadilika rangi moja kwa moja. Kaharabu huchukia spiriti na manukato. Zumaridi nyingi zimetiwa mafuta kwenye nyufa zake, na maji ya moto yenye sabuni huyatoa, ukabaki na kito kilichojaa mistari. Tanzanaiti, ambayo haikujulikana kabla ya mwaka 1967 ilipopatikana Mererani, hupasuka kwa badiliko la ghafla la joto. Ioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, basi.

Vitu vya zamani sana vya Ulaya vina hatari nyingine isiyoonekana. Kito kilichozibwa kwa madini mgongoni huenda kina karatasi ya madini inayong'aa chini yake, iliyowekwa kukipa rangi. Tone moja la maji likiingia, karatasi hiyo hugeuka nyeusi na kito kinakufa. Ukiona kito ambacho mgongo wake umezibwa, usikiloweshe.

Almasi, yakuti na akiki ni ngumu na hazina ugomvi na maji ya sabuni, ilimradi vikucha ni vizima.

Na kuna dhahabu ya Kiingereza ya enzi ya Malkia Victoria ambayo haing'ai kwa makusudi. Uso wake ni mkavu, kama umepakwa poda ya dhahabu. Mafundi wa wakati ule walichovya kitu kwenye tindikali iliyokula shaba ya juu na kuacha ngozi nyembamba ya dhahabu safi. Watu huiona imefifia, wakaisugua mpaka ing'ae, na hapo ndipo uzuri wake uliodumu zaidi ya karne unapokwisha. Kama uso wote umefifia sawasawa, na sehemu zinazogusana ndizo zinazong'aa, acha kusugua.

Hatua ya tatu: kuosha kwa sabuni

Hii ndiyo kazi yenyewe. Vitu vingi vya karati 21 na 22 vinaishia hapa, havihitaji dawa nyingine yoyote.

Usioshee kwenye sinki. Chukua bakuli la plastiki au la udongo, tandika kitambaa chini. Tia maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na dawa ya kung'arisha weupe. Kama maji yenu ni ya kisima na ni ya chumvi, tumia ya chupa au ya mvua, hasa ya kusuuzia. Maji ya chumvi yakikaukia kwenye nakshi huacha ukungu mweupe, ukadhani hujasafisha.

Osha kimoja kimoja. Bangili nane zikitiwa pamoja hukwaruzana, na dhahabu ya karati 22 hukwaruzika kwa wepesi. Loweka kitu dakika 15 hadi 20. Kama uchafu wa udi na mafuta umeganda miaka, mwaga maji, weka mengine, loweka tena. Ni bora maji yabadilishwe mara nne kuliko mswaki ukandamizwe mara moja.

Kisha chukua mswaki laini wa mtoto, mpya, usiowahi kuguswa na dawa ya meno. Piga piga ncha za mswaki kwenye nakshi badala ya kusugua huku na huku. Nyuma ya vito ndiko uchafu mwingi unakokaa, kwa hiyo geuza kitu. Penye kona mswaki usipofika, tumia kijiti cha meno cha mti, ukichovye kwenye sabuni. Sindano na pini ni mwiko, kwa sababu chuma ni kigumu kuliko dhahabu na kila mguso unaacha mstari.

Wazee wetu wengi wanaijua ritha, makokwa yale yanayouzwa kwenye maduka ya Kihindi kwa ajili ya nywele. Masonara wa Kihindi wamekuwa wakioshea dhahabu kwa povu lake. Ukiwa nayo, chemsha maganda machache, chuja, acha yapoe mpaka vuguvugu, tumia mahali pa sabuni. Ni mpole na inatoa mafuta vizuri. Mimi naipendelea kwa mikufu ya pingili ndogondogo.

Suuza kwa maji safi mara mbili, kausha kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi kikalainika. Bangili zenye uwazi ndani na mikufu iache juu ya taulo mahali penye upepo mpaka kesho yake. Usitumie jua kali wala mashine ya kukaushia nywele kama kuna kito.

Sasa itazame tena kwenye mwanga. Weusi ulioondoka ulikuwa uchafu. Uliobaki, ndio wa shaba na fedha.

Hatua ya nne: weusi uliobaki

Jiulize kwanza kama unahitaji kuutoa. Weusi mdogo ndani ya mchongo ndio unaofanya maua na maandishi yaonekane. Bangili ya nakshi iliyong'arishwa kila mahali huonekana bapa. Mimi huuacha ulio ndani ya mashimo, nikashughulika na uso wa juu tu.

Kwa kitu cha dhahabu tupu kisicho na kito, au cha fedha iliyopakwa dhahabu, anza na foili ya jikoni. Tandika foili ndani ya bakuli, tia kijiko kimoja kikubwa cha bikabonati ya soda, ile inayotiwa kwenye keki, kwa kila nusu lita ya maji ya moto. Si hamira, wala si magadi soda ya kutengenezea sabuni, hayo ni makali na yanaunguza. Laza kitu kiguse foili. Salfa inaiacha fedha na kuhamia kwenye alumini, na huenda ukasikia harufu hafifu ya yai viza. Dakika moja hadi tatu zinatosha. Toa, suuza, kausha. Njia hii haikwangui chochote, inarudisha fedha pale pale ilipokuwa, na ndiyo sababu naitanguliza. Weusi wa fedha inauweza vizuri, ule wa shaba huuweza kwa sehemu tu.

Kwa madoa ya hudhurungi ya shaba kwenye bangili au pete tupu, ukwaju unafanya kazi. Loweka ukwaju kidogo kwenye maji ya vuguvugu, chuja vizuri sana usibaki na nyuzi wala chembe, zamisha kitu dakika tano, piga piga kwa mswaki, suuza mara kadhaa. Tindikali ya ukwaju ni hafifu, nayo huyeyusha utando wa shaba. Usiongeze chumvi. Usilaze usiku kucha. Usikaribishe lulu, marijani wala feruzi kwenye bakuli hilo.

Kitambaa cha kung'arishia kinachouzwa na masonara, chenye unga laini ndani yake, kifuate mwisho, kwa dhahabu nzima tu. Pitisha kwa mwendo mmoja wa kwenda mbele, mara chache, ukikwepa muhuri na maandishi. Kila unapoona kitambaa kimekuwa cheusi, sehemu ya weusi huo ni dhahabu yako.

Pauni za dhahabu zina sheria yao. Pauni ya Kiingereza ni ya karati 22, yenye uzito wa gramu 7.98, na dhahabu yake imechanganywa na shaba, hivyo hupata madoa mekundu au ya hudhurungi. Ikiwa sarafu haijatobolewa wala kulehemiwa, isafishwe kwa maji tu, iguswe kingoni. Wanunuzi wa sarafu wanalipia uso ambao haujaguswa, na pauni iliyosuguliwa hurudi kuwa bei ya uzito wake.

Vitu vya kukataa hata ukishauriwa na jirani

Dawa ya meno imetiwa chembe za kukwangua, na meno ni magumu kuliko dhahabu. Majivu na mchanga laini, vilevile. Siki na chumvi pamoja vinakula shaba iliyo ndani ya mchanganyiko na kuacha uso wenye vinyweleo.

Jiki ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Klorini hushambulia madini yaliyochanganywa na dhahabu, hasa kwenye karati 9 hadi 14, ikapenya kwenye maungio na vikucha mpaka vikakatika vyenyewe bila kupigwa. Mtu anayefua na pete mkononi kila wiki anaila pete yake polepole. Bwawa la kuogelea nalo lina klorini. Na usichanganye jiki na dawa ya kusafishia yenye amonia kwa sababu yoyote: hewa inayotoka ni sumu.

Zebaki ni habari nyingine ya hatari. Ikigusa dhahabu huungana nayo papo hapo, na doa jeupe la rangi ya fedha hutokea. Hutokea kwa kipimajoto kilichovunjika, na hutokea kwa wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Geita au Migori, ambako zebaki hutumika kunasa dhahabu. Doa hilo halioshwi. Na usijaribu kulichoma jikoni ili zebaki iruke: mvuke wake unaharibu ubongo na figo. Tia kitu kwenye kichupa chenye kifuniko, umweleze sonara waziwazi ni zebaki kabla hajakishika.

Hatua ya tano: ukiamua kwenda kwa sonara

Nenda pale weusi umeingia kwenye maungio, vikucha vimelegea, upako umelika, au mkufu umekakamaa na haulainiki kwa sabuni. Kabla hujaondoka nyumbani, pima kila kitu kwa mizani yako na upige picha pande zote, muhuri ukionekana. Si kwamba unamshuku mtu. Kupiga polishi kunatoa dhahabu, hakuna fundi anayeweza kuzuia hilo, na ni haki yako kujua imetoka kiasi gani. Sonara mzuri atapima mwenyewe mbele yako na kukuandikia.

Mwambie mambo matatu. Kwanza, kama kuna bonge la risasi mahali popote, mwonyeshe: risasi ikipata moto juu ya dhahabu huingia ndani na kuifanya ivunjike kama biskuti. Pili, mwambie nakshi, maandishi na muhuri visiguswe na gurudumu la polishi. Tatu, muulize atatumia nini. Kwa dhahabu tupu ya karati 22 njia ya kawaida ni kuipasha moto na kuichemsha kwenye tindikali hafifu, ambayo inatoa utando bila kukwangua. Kwa chenye vito ataosha kwa mkono. Akitaja mashine ya mawimbi ya sauti, uliza kama kuna zumaridi, tanzanaiti, lulu au marijani. Ikiwa ipo, kataa.

Kitu cha kuchovya kilicholika, hasa kama chini ni shaba, tafakari kabla ya kukipaka upya. Gharama yake mara nyingi inazidi thamani ya kitu chenyewe. Lakini kama ni kipini alichokivaa mama yako siku ya arusi yake, mimi ningekipaka.

Hatua ya sita: kuhifadhi

Kila kitu na mfuko wake. Kitambaa cha pamba au melimeli iliyofuliwa bila dawa kinafaa kabisa. Sufu na vitu vya mpira usitumie, na usifunge bangili pamoja kwa mpira wa pesa, maana mpira unatoa salfa siku zote na utaona mstari mweusi pale pale ulipogusa. Gazeti nalo lina tindikali na wino.

Makasha ya mti mpya hutoa mvuke wa tindikali, kwa hiyo dhahabu isilale moja kwa moja juu ya ubao. Weka mfuko ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, toa hewa, tia kipakiti cha chembe za kukausha unyevu, zile zinazokuja na viatu au dawa. Kwenye unyevu wa Lamu, Pemba au Bandari Salama vipakiti hivyo hushiba, kwa hiyo vibadilishe kila msimu wa mvua. Lulu peke yake zisifungwe kwenye plastiki, zinakauka na kupasuka: zipe mfuko wa kitambaa.

Siku ya kuvaa, dhahabu iwe ya mwisho kuwekwa mwilini, baada ya mafuta, poda, manukato na kufukizwa. Siku ya kuvua, iwe ya kwanza kutoka, na kabla haijarudi kwenye mfuko ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu. Jasho la saa sita likifutwa usiku ule halina madhara.

Mwisho, andika karatasi moja kwa kila kitu: karati zake, uzito wake kwa gramu, kilitoka kwa nani, kiliungwa wapi, kilisafishwa lini na kwa kutumia kitu gani. Andika kwa penseli, kwa sababu wino huhamia kwenye kitambaa, na uiweke nje ya mfuko. Atakayerithi baada yako hatalazimika kuanza na tindikali ili ajue ameshika nini.